Nyumba tatu za ushirika wetu zimepigwa kwa pamoja. Tuwasaidieje wasimame katika imani?

Nuru_Umoja anauliza:

Bwana asifiwe, wapendwa. Naandika kwa niaba ya ushirika wa nyumbani hapa Umoja. Tunakutana Alhamisi jioni, na mwaka huu nyumba tatu zimeingia kwenye majaribu karibu wakati mmoja. Ya kwanza, baba amepunguzwa kazi Industrial Area baada ya miaka sita. Ya pili wamezika mtoto wa darasa la tano. Ya tatu, mama ana kisukari cha siku nyingi na sasa daktari anasema figo zimeanza kuchoka.

Hawa si wachanga katika Neno. Wawili kati yao ndio waliokuwa wakitufundisha. Sasa tukikutana tunawaambia yale yale, mtumaini Bwana, Mungu hajashindwa, wanaitikia amina na kwenda zao. Yule baba ametuambia waziwazi kwamba haombi tena, akipiga magoti hapati la kusema. Mama wa kisukari anataka kufunga siku saba. Na kuna mtumishi wa kutoka nje ya kanisa letu aliyemwambia baba apande mbegu ya shilingi elfu kumi ndipo mlango wa kazi ufunguke.

Nauliza: asiyeweza kuomba anaanzia wapi? Sadaka na fungu la kumi vipi wakati hakuna mshahara? Huo mfungo tumwache nao? Na sisi tunaokwenda kuwaona, tukae muda gani na tuseme nini? Mistari ya kutia moyo tunayo tele kwenye kikundi cha WhatsApp. Tunachokosa ni la kufanya.

Mwalimu_wa_Zaburi:

Nuru, nijibu hilo la maombi tu, mengine wapo watakaoyajua kuliko mimi.

Mwambie huyo baba aache kutunga maombi. Aliyechoka hatungi. Asome ya wengine kwa sauti, na aanze na Zaburi ya 13. Ina mistari sita tu, na imepangwa hivi: mstari wa 1 na 2 ni malalamiko, 3 na 4 ni ombi, 5 na 6 ni tumaini. Maneno "hata lini" yamerudiwa mara nne katika mistari miwili ya mwanzo. Anayelalamika pale yuko ndani ya Maandiko, hakuna aliyemkatiza wala kumwambia imani yake ni haba.

Namna ya kuitumia: asome mistari miwili ya kwanza, kisha anyamaze, achukue kalamu aandike "hata lini" zake mwenyewe, kwa majina ya vitu. Asiandike "hata lini mateso haya". Aandike hata lini nimkwepe mwenye nyumba kwenye ngazi, hata lini nitume barua za kazi zisijibiwe. Halafu asome wa 3 na 4 na aombe jambo moja linaloweza kuonekana likijibiwa au lisipojibiwa, tena la wiki hii. Mwisho asome wa 5 na 6 jinsi ulivyo, hata kama moyo haukubali. Dakika kumi zinatosha. Afanye asubuhi kabla ya kushika simu, kwa sababu akishapitia matangazo ya kazi hiyo asubuhi imekwisha.

Mambo mawili huharibika hapa. La kwanza ni kuruka. Watu wetu wamezoea kutoka mstari wa kwanza hadi wa sita kwa pumzi moja, sifa zinakuja kabla ombi halijasemwa, na mtu anaondoka na maumivu yake yale yale, tena sasa ana aibu ya kuigiza. La pili ni kukwama mstari wa 2 kwa wiki nyingi. Huko ndiko maombolezo yanakogeuka manung'uniko. Kama mnataka kipimo, angalieni mtu anaongea na nani. Hesabu 11 inaonyesha watu wakilia kila mmoja mlangoni pa hema yake, wakisimuliana habari za samaki na matango ya Misri. Walimsema Mungu, hawakusema naye. Ayubu alitamka makali kuliko wao, lakini aliyatamka mbele za Mungu, na katika 42:7 Mungu anasema Ayubu ndiye aliyenena yaliyo sawa, si wale rafiki zake watatu wenye majibu.

Wale waliozika mtoto msiwape Zaburi 13 kwanza. Wapeni ya 88. Ile haimalizii kwa tumaini kama ya 13, inaishia gizani, na bado imewekwa kati ya zile 150. Lakini isomwe na mtu mwingine akiwepo, isiwe usiku mtu akiwa peke yake.

Baada ya mwezi hivi, aliyepoteza kazi anaweza kuingia kwenye mzunguko wa zamani wa Kianglikana unaogawa Zaburi zote kwa siku 30, asubuhi na jioni. Ukigawa kwa hesabu ya kawaida ni Zaburi tano kwa siku, ila ya 119 hukatwa vipande kwa urefu wake. Uzuri wa mzunguko ni kwamba hauulizi unajisikiaje. Siku ya furaha utakutana na kilio, siku ya kilio utakutana na shangwe, na unasoma tu. Ataweza kusoma hata akiwa ndani ya matatu imesimama Jogoo Road.

Na jamani, pumzisheni Yeremia 29:11 kwa muda. Au kama lazima, someni tangu mstari wa 4. Ni barua kwa watu waliohamishwa Babeli, na mstari wa 10 unawaambia ni miaka sabini. Wengi waliosomewa barua ile walijua watafia ugenini. Ndiyo maana mstari wa 5 unawaagiza wajenge nyumba na kupanda bustani. Ukimpa mtu wa 11 peke yake, anaanza kuhesabu wiki, na wiki zikipita anaona Mungu amemdanganya, kumbe waliomdanganya ni ninyi.

Kijana_wa_Kayole:

Hiyo mbegu ya elfu kumi itaota kwa mfuko wa nani? Nauliza tu.

Mzee_wa_Baraza:

Kijana ametangulia, lakini tulijibu kwa utaratibu maana watu wengi wameumizwa hapo.

Angalieni alama tano za ombi la fedha. Kiasi kimetajwa na anayepokea. Namba ni ya simu ya mtu binafsi, si paybill ya kanisa. Kuna tarehe ya mwisho. Ameambiwa asimwambie mke wake au mchungaji wake. Na kuna tisho, kwamba asipotoa mlango utafungwa kabisa. Alama mbili zinatosha kuacha. Katika 2 Wafalme 5 Naamani alileta fedha, dhahabu na mavazi, na Elisha akaapa kwamba hapokei kitu, hata aliposihiwa. Aliyekimbilia ile zawadi ni Gehazi, mtumishi wake, na alichopata ni ukoma wa Naamani.

Fungu la kumi. Ni fungu la maongeo, na kama hakuna kilichoingia hakuna cha kugawa kwa kumi. Mtu asikope kwa Fuliza wala kwa zile programu za mikopo ili bahasha yake isionekane tupu. 2 Wakorintho 8:12 inasema wazi kwamba kinachokubaliwa ni kwa kadiri ya alivyo navyo mtu, si kwa kadiri ya asivyo navyo. Torati yenyewe ilipanga viwango: Walawi 5 inaanza na mnyama wa kundi, asiyeweza alete hua wawili, asiyeweza hata hao alete sehemu ya kumi ya efa ya unga. Yusufu na Mariamu walipompeleka mtoto hekaluni, sadaka inayotajwa katika Luka 2:24 ni ile ya ndege, yaani ya wasio na uwezo wa mwanakondoo. Hakuna aliyewaomba nyongeza.

Kuna jambo wazee wenzangu hawapendi kusikia. Kumbukumbu la Torati 14:28-29 inasema kila mwisho wa miaka mitatu fungu la kumi liwekwe malangoni, Mlawi, mgeni, yatima na mjane waje wale washibe. Kwa hiyo kuna msimu ambapo mtu yuko upande wa kula. Huyo baba yuko upande huo sasa. Kumtumia ujumbe wa kumkumbusha ahadi yake ya ujenzi ni ukatili.

Halafu haki zake za kazi. Naona Wakristo wengi wakipunguzwa kazi wanasema "namwachia Mungu" na kutia saini karatasi yoyote wanayopewa. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 40, inamtaka mwajiri anayepunguza watu atoe notisi ya mwezi mmoja au zaidi kwa mfanyakazi na kwa afisa wa leba, alipe siku za likizo ambazo hazijachukuliwa, na alipe fidia isiyopungua siku 15 za mshahara kwa kila mwaka uliokamilika. Miaka sita ni siku 90 za mshahara, mbali na notisi. Pia ana haki ya cheti cha utumishi. Kama hakupata hayo, aandike barua kwa mwajiri kwanza, abaki na nakala, kisha aende ofisi ya leba akiwa na barua ya ajira, hati za malipo na hiyo barua ya kumwachisha. Dai la namna hii lina kikomo cha miaka mitatu, na watu huchelewa kwa sababu ya aibu. Paulo alipofungwa kwa kamba ili apigwe alitaja uraia wake wa Rumi, na baadaye akakata rufani kwa Kaisari, Matendo 22 na 25. Hakuna aliyemwambia amepungukiwa imani.

Akilipwa hiyo fidia, kabla ya jambo lolote atenge kodi ya miezi mitatu na karo ya muhula mmoja. Zinazobaki ndizo za kuzungumza.

Dada_Mhazini:

Mzee, shikamoo. Nakubaliana nawe kwa mengi ila hapo mwisho nina neno. Fidia nayo ni maongeo, na wapo ambao dhamiri yao haitulii mpaka wametoa limbuko kabla ya kitu kingine. Tusiwafanye waonekane wajinga. Mtu akisema natoa kwa furaha, na mke wake amekubali, na watoto hawatalala njaa, nani sisi kumzuia? Yule mjane wa senti mbili hakuzuiwa.

Mzee_wa_Baraza:

Marahaba, binti yangu. Hapo umesema "mke wake amekubali, na watoto hawatalala njaa". Ukiweka masharti hayo mawili sina ugomvi. Ila someni mistari iliyo kabla ya yule mjane, Luka 20:47, waandishi wanaokula nyumba za wajane. Mimi huwa siwezi kuisoma habari ya senti mbili bila huo mstari kando yake. Na masharti yako hayatimizwi mara nyingi hapa mjini, kwa sababu mke husikia habari baada ya fedha kutumwa.

Muuguzi_Zamu_ya_Usiku:

Kuhusu mama wa kisukari: asifunge. Siku saba hapana, hata siku moja hapana, mpaka aongee na anayemtibu. Nieleze sababu ili mkimwambia asidhani mnampinga Roho.

Anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari kama glibenclamide, asipokula sukari hushuka kupita kiasi. Anaanza kutoka jasho, kutetemeka, moyo kwenda mbio, kisha anachanganyikiwa na kuzimia. Kwenye kesha la maombi dalili hizo zinaweza kudhaniwa ni nguvu za Mungu au ni pepo, na dakika zinapotea. Figo zikiwa zimechoka hatari inaongezeka, kwa sababu dawa hizo hukaa mwilini muda mrefu zaidi kuliko kawaida. Akiacha dawa ili aweze kufunga, sukari inapanda na hilo nalo linaua. Akionyesha zile dalili za sukari kushuka na bado anameza vizuri, mpeni maji yenye vijiko vitatu vya sukari au soda ya kawaida, si ile isiyo na sukari, kisha mpimeni baada ya robo saa. Asipoweza kumeza msimmiminie kitu mdomoni, kimbizeni hospitali.

Wengine wasiofaa kufunga chakula: wajawazito, wanaonyonyesha, wenye vidonda vya tumbo, walio kwenye dawa za TB au za kupunguza makali ya virusi ikiwa mfungo utawafanya waruke dozi. Na huwa nawasihi viongozi wasimpangie mfungo mtu aliyefiwa. Huyo tayari hali chakula. Mwili wake unafunga bila kuagizwa, na kazi ya ushirika ni kumrudisha mezani.

Anayetaka kujinyima na mwili hauruhusu ana njia nyingine. Danieli 10:3 ni kuacha vyakula vitamu, nyama na divai kwa wiki tatu, hakuacha kula. Anaweza pia kufunga simu kuanzia saa mbili usiku. Wenye afya wanaotaka kufunga kwa ajili yake wafunge alfajiri hadi jioni, wanywe maji, wafungue kwa uji na matunda, na mafuta mengi yangoje kesho. Baada ya Shakahola mwaka 2023, ambako zaidi ya watu 400 walikufa, wengi kwa njaa waliyoambiwa ni njia ya kumwona Yesu, kiongozi yeyote Kenya anayeamuru mfungo wa siku nyingi bila kuuliza afya za watu hana udhuru.

Jambo dogo ambalo wageni hukosea: mgonjwa wa figo msimpelekee kikapu cha ndizi, machungwa na parachichi bila kuuliza. Vina potasiamu nyingi, na figo zikishindwa kuitoa inaweza kusimamisha moyo. Pia msimlazimishe anywe maji mengi, huenda amepimiwa. Mwulizeni binti yake karatasi ya lishe inasema nini.

Bima: kama familia haina SHA, ile bima ya afya ya serikali, inajisajili kwa *147#. Kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi kwa kaya, na kwa wasio na ajira rasmi hulipwa kwa mwaka, yaani 3,600, baada ya kujibu maswali ya kupima uwezo. Na yule baba aliyepunguzwa kazi, makato yake yalisimama pamoja na mshahara, hivyo wakumbusheni mapema kabla mtoto hajaugua. Ushirika ukilipia nyumba hizo mbili bima ya mwaka, mmefanya kitu kinachoonekana.

La mwisho. Mtu akikosa usingizi, hamu ya chakula imekwenda, haoni maana ya kesho, na hali hiyo imepita wiki mbili bila nafuu, apelekwe akaonwe. Mwulizeni moja kwa moja kama amefikiria kujiua. Kuuliza hakumpi mtu wazo hilo, humpa nafasi ya kulisema. Eliya alisema yatosha, uiondoe roho yangu, na kilichofuata katika 1 Wafalme 19 ni usingizi, mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji, kisha usingizi tena na mkate tena. Mazungumzo ya Horebu yalikuja baadaye. Namba ya bure ya Msalaba Mwekundu ni 1199, na Hospitali ya Mathari iko Thika Road. Wanaoogopa polisi wajue kwamba Januari 2025 Mahakama Kuu ilisema kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilichokuwa kinaadhibu jaribio la kujiua ni kinyume cha Katiba. Akisema ndiyo, asiachwe peke yake usiku huo, na dawa zote za nyumbani zishikwe na mtu mwingine.

Katekista_Makadara:

Tumsifu Yesu Kristo. Sisi kwenye jumuiya ndogo ndogo tuna mazoea ya kutembeleana, kwa hiyo nichangie hapo.

Msiende wote. Watu watatu wanatosha, na mmoja awe jinsia ya mwenye msiba. Pigeni simu kabla, nyumba nyingi za Umoja ni chumba na sebule, mkifika kumi mama anaanza kuazima viti na vikombe badala ya kupumzika. Kaeni dakika arobaini. Bebeni vitu vinavyotumika bila kuulizwa: unga pakiti mbili za kilo mbili, mafuta ya kupikia, sukari, sabuni, tokeni za stima. Mkifika, mmoja aoshe vyombo. Rafiki za Ayubu walifanya jambo moja jema, walikaa naye chini siku saba bila kusema neno, na walipofungua midomo ndipo walipoharibu.

Ya kutosema kwa waliozika mtoto: "Mungu alimpenda zaidi", "mtapata mwingine", "alichuma ua zuri", "kila jambo lina sababu". Warumi 8:28 ni neno la kweli lakini liacheni wao walifikie, msiwafungulie ninyi. Mkikosa la kusema, tajeni jina la mtoto na jambo mlilomkumbuka nalo. Wazazi wengi huogopa kwamba jina hilo halitatajwa tena.

Angalieni kalenda. Hapa Nairobi kamati ya mazishi hukaa kila jioni, michango inaingia, mwili unasafirishwa, watu wanajaza basi. Wakirudi kutoka ushago, yaani kijijini, kimya. Wekeni tarehe sasa hivi kwenye daftari: siku ya tatu baada ya kurudi, wiki ya tatu, wiki ya sita, mwezi wa tatu, siku ya kuzaliwa ya mtoto, siku shule zinapofunguliwa, na mwaka. Kila tarehe iwe na jina la mtu mmoja anayewajibika. Mkisema "tutawatembelea" bila jina, hakuna atakayekwenda, kila mmoja akidhani mwenzake amekwenda.

Mchango nao, msiuweke kwenye kikundi ambacho mwenyewe yumo. Anasoma orodha: fulani 200, fulani 500, fulani "nitatuma kesho". Fungueni kando, wahazini wawili, na fedha zilipwe moja kwa moja panapohitajika, kodi kwa mwenye nyumba, karo shuleni, kisha apelekewe risiti. Na mseme tangu mwanzo kama ni zawadi au mkopo. Zawadi isiyotamkwa huzaa wasiwasi, maana mtu anaishi akingoja siku ya kudaiwa.

Nuru_Umoja:

Asanteni sana, sikutarajia mengi hivi. Mama tumezungumza naye, amekubali kwenda kliniki Jumanne na binti yake. Mbegu tumeizima, mke wa yule baba hakuwa na habari nayo kabisa.

Imebaki moja. Yule baba hafiki tena Alhamisi wala Jumapili. Nimesikia kwa jirani kwamba haoni atakaaje hapo wakati wa sadaka, na wakati wa ushuhuda kila mtu anasimama kusema Mungu amemtendea. Tunamrudishaje bila kumwaibisha?

Mwalimu_wa_Zaburi:

Msimrudishe kwanza, mfuateni. Alhamisi ijayo ushirika ukae kwake, mkiwa mmeuliza, na chai mje nayo. Kikapu cha sadaka kisizunguke, kiwekwe mlangoni kila wiki, kwa watu wote, ili isionekane ni kwa sababu yake. Nauli ya Jumapili itumwe Jumamosi na mtu mmoja, bila ujumbe mrefu.

Ushuhuda ndio mzito. Nyumba nyingi za ushirika zina nafasi ya waliojibiwa na hazina nafasi ya wanaongoja, kwa hiyo anayengoja anajifunza kunyamaza au kutunga. Gawanyeni ile nusu saa: dakika kumi na tano za shukrani, dakika kumi na tano za walio bado katikati. Kanuni ya nafasi ya pili iwe kwamba hakuna anayejibu, hakuna anayesahihisha, hakuna anayesimulia jinsi binamu yake alivyopata kazi baada ya kufunga siku tatu. Msemaji akimaliza, wote waseme pamoja neno la yule baba katika Marko 9:24, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu", basi, anafuata mwingine. Aanze kiongozi, si yeye. Akiona mwenye nafasi yake amesema bado sijajibiwa, na hakuna aliyeshtuka, huenda akasema.

Kwa masomo ya wiki nne za kwanza ningechagua Zaburi 13, kisha Waebrania 11 lakini msiishie katikati ya mstari wa 35 kama wengi wanavyofanya, endeleeni hadi wa 39 walipo waliosifiwa kwa imani na hawakuipata ile ahadi. Wiki ya tatu Danieli 3, mstari wa 17 na 18, Mungu wetu aweza kutuokoa, "bali kama si hivyo" bado hatuabudu sanamu. Ya nne 2 Wakorintho 12, Paulo ameomba mara tatu na jibu halikuwa uponyaji, ni "Neema yangu yakutosha". Msihubiri. Someni mara mbili polepole, watu wawili tofauti, kisha kimya cha dakika tatu kwa saa ya simu. Dakika tatu ni ndefu kwa waliozoea kelele, mtu atakohoa, mtu ataanza kuimba. Mwambieni asubiri.

Kijana_wa_Kayole:

Mwalimu, na kama kikundi kina wazee wasioona vizuri na watoto wa shule? Zaburi yenyewe wengine wana ile ya zamani, wengine Habari Njema, wakisoma pamoja ni vurugu.

Mwalimu_wa_Zaburi:

Chagueni tafsiri moja, ichapisheni kwa maandishi makubwa, ukubwa wa 18 hivi. Zaburi 13 inaenea karatasi moja. Nuru asome nusu ya kwanza ya mstari, wote waitikie nusu ya pili, wazee wataishika kwa masikio baada ya mara mbili. Watoto wapewe ule mstari wa "hata lini", wanaujua kuliko sisi.

Nuru_Umoja:

Nimechapisha nakala ishirini. Tunakutana kwake Alhamisi saa kumi na mbili na nusu, mama wa nyumba ya pili amesema yeye ndiye atakayeleta maandazi.